Bega lililoganda: uzoefu wangu wa fiziotherapia

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, kwa hiyo bega la kulia likigoma, kazi imesimama. Lilianza kwa kuuma usiku nikililalia. Baadaye likakaza kabisa: zipu ya mgongoni sifungi, nywele sichani, na hata mtu mwingine akiuinua mkono wangu, ulikwama usawa wa sikio.

Mchuaji mmoja wa mtaani aliuvuta kwa nguvu huku akinihimiza nivumilie. Usiku ule bega lilipwita hadi alfajiri.

Hospitalini daktari alisema ni bega lililoganda, yaani ule mfuko unaozunguka kiungo umevimba na kukaza. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wanawake, na wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Ndiyo maana alinipima sukari kwanza, ndipo akaniandikia fiziotherapia.

Mtaalamu niliyemkuta ni binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniwekea taulo la moto begani misuli ilegee, akanilaza chali, akashika mkono wangu karibu na kwapa na kuanza kuusogeza kidogo kidogo, kama mtu anayelegeza droo iliyokwama. "Mama, likianza kuuma sana niambie, tutarudi nyuma." Lakini sikuhitaji kusema, maana muda wote alikuwa ananitazama usoni, nikikunja uso tu, anapunguza. Kwangu huo upole ndio tiba yenyewe. Mwili ukiogopa unajikaza, na ukijikaza hakuna kiungo kitakachoachia.

Kisha akanipa kazi ya nyumbani. Moja ni kuinama nikiegemea meza kwa mkono mzima, ule mgonjwa nauacha uning'inie na kubembea taratibu. Nyingine ni kupandisha vidole ukutani hadi vinapoishia. Mimi nilikuwa naweka alama kwa chaki ya kukatia nguo pembeni ya cherehani, na kuona mstari wa leo uko juu ya ule wa juzi kulinipa moyo kuliko dawa yoyote ya maumivu niliyomeza.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu, vitanda vichache, na anayetaka kupona wiki hii atakata tamaa. Yule binti mwenyewe aliniambia wazi tangu mwanzo kwamba bega la aina hii linaweza kuchukua mwaka na zaidi.

Kama kiungo chako kimevimba na kina joto, una homa, umeanguka, au umevimba kigimbi cha mguu mmoja, usikubali kuchuliwa na yeyote kabla daktari hajakuona.

Mimi sasa zipu nafunga mwenyewe na kitambaa kirefu nakikata bila kupumzika. Kuufikisha mkono katikati ya mgongo bado, na kliniki naendelea kwenda.