Mabamba ya nyota ya Harvard: yategemee wapi, yatilie shaka wapi

Kituo cha uangalizi wa anga cha Chuo Kikuu cha Harvard kina mabamba ya kioo zaidi ya nusu milioni, yaliyopigwa picha za anga tangu miaka ya 1880 hadi karne ya 20 ilipokaribia kuisha. Mradi wa kuyaskani, DASCH, umeshatoa vipimo vya mabamba zaidi ya 400,000, na kuvipata kwenye intaneti ni bure. Kwa anayefuatilia nyota badilifu, yaani zile ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka, hii ndiyo hazina ya kwanza kufunguliwa. Ila namba zake zisimezwe bila kutafunwa.

Njia nyepesi ni programu ya daschlab, inayotumia Python (lugha ya kuandikia programu). Unafungua kazi mpya, unataja nyota kwa jina au kwa majiranukta, unachagua katalogi ya kulinganishia, yaani orodha ya nyota ambazo mng'ao wake umeshapimwa (APASS au ATLAS), kisha unaomba orodha ya mng'ao. Kila picha iliyogusa eneo hilo inapewa mstari wake, hata ile ambayo nyota haikuonekana. Wengi huifuta mistari hiyo, na hapo wanajipunja: inataja kikomo cha bamba, yaani usiku ule nyota ilikuwa hafifu kuliko kiwango fulani. Kwa nova, yaani nyota inayong'aa ghafla kwa mlipuko, huo ni ushahidi mzito sawa na kuonekana kwenyewe.

Kabla ya kuchora chochote, tazama herufi za mwanzo za namba ya bamba, maana zinakutajia darubini. Mabamba ya A yalitoka kwenye darubini ya Bruce ya inchi 24, ambapo milimita moja ya kioo inabeba takriban dakika moja ya tao (sehemu moja ya sitini ya digrii). Yale ya AC yalipigwa kwa lenzi ndogo, na milimita hiyo hiyo inabeba takriban dakika kumi. Matokeo yake, nyota mbili jirani huungana kuwa doa moja, na mng'ao unaosoma ni wa zote mbili. Ukiona nyota "imeng'aa" kwenye AC peke yake huku A zikikaa kimya, mshuku jirani kwanza. Halafu omba kipande cha picha chenyewe ukione kwa macho: mkwaruzo, vumbi au doa la kemikali huweza kupimwa kama nyota.

Usahihi wa kawaida ni kama 0.1 ya daraja la mng'ao, kipimo cha wanaanga cha mng'ao wa nyota. Unatosha kabisa kwa milipuko, kupatwa kwa nyota pacha na mizunguko mirefu. Hautoshi kwa mabadiliko ya polepole ya karne nzima. Mwaka 2016 ilidaiwa kwamba nyota KIC 8462852 ilikuwa imefifia polepole kwa takriban daraja 0.16 ndani ya karne; wachambuzi wengine wakajibu kwamba kupungua huko kunaweza kutokana na tofauti za darubini na ulinganishaji. Pia kuna pengo: kuanzia miaka ya 1950, mkurugenzi Donald Menzel alisimamisha upigaji picha ili kubana matumizi, na hali ikaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Mstari usichorwe kuvuka pengo hilo kana kwamba data ipo.

Anayetazama anga kutoka Mombasa au Mbeya atafurahia upande wa kusini, uliopigwa picha Arequipa, Peru, hadi 1927, kisha Bloemfontein, Afrika Kusini. Ni kwenye mabamba ya Peru Henrietta Leavitt, mmoja wa wanawake walioajiriwa Harvard kupima nyota na kupiga hesabu, alipopima nyota badilifu 25 za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, akachapisha mwaka 1912 uhusiano wa mzunguko (muda wa kung'aa na kufifia) na mng'ao.

Kasoro inayouma ni wino. Alama ambazo wanawake wale wapiga hesabu waliziandika kwenye kioo zilifutwa kwenye mabamba mengi kabla ya kuskani, kwa sababu zilifunika nyota. Zilipigwa picha kwanza, lakini picha si bamba lenyewe. Ndiyo maana madaftari yao, zaidi ya 2,000, yanayoshughulikiwa na mradi wa PHaEDRA, ni ya lazima kwa anayetaka kujua kipimo kilifikiwaje. Kurasa zinanakiliwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo tarakimu ikitia shaka, hasa 1 na 7, rudi kwenye picha ya ukurasa.