Chipa ipi ununue kama unachezea viwanja vya Nairobi

Kama unacheza gofu na mpira wako uko hatua tatu nje ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo, na moyo unaanza kudunda kuliko ulipokuwa tii ya kwanza na watu wote wanakuangalia, basi hii nimeandika juu yako. Unapiga ardhi kabla ya mpira, mpira unasonga futi mbili, unarudia kwa nguvu unavuka grini hadi upande ule mwingine, na hiyo par 4 (shimo la kumaliza kwa mikwaju minne) uliyokuwa umeifikia kwa mikwaju miwili unaondoka nayo na saba. Shemeji yangu alipitia hiyo karibu mwaka mzima, na si ati hajui gofu, draiva anapiga safi kabisa, lakini ikafika mahali anasema auze begi lote aanze kutembea tu Karura. Chipa ndio ilimrudisha, sasa watu wananiuliza wanunue gani ndio nikaona niandike mara moja.

Chipa ni fimbo fupi, karibu urefu wa puta (ile ya kubingirisha mpira kwa grini), lakini uso wake umelala kama wa ayoni 8 au 9, zile fimbo za chuma, na soli yake, yaani upande wa chini, ni pana. Unaizungusha vile unaputi, mabega ndio yanafanya kazi, vifundo vya mikono vinatulia. Mpira unaruka kidogo tu, unatua, halafu unabingirika hadi shimoni. Huhitaji kuinua mpira, uso wa fimbo unauinua wenyewe, na kule kutaka kuuinua kwa mikono ndio huwa kunazaa hayo makosa yote.

Sasa tuongee nyasi, juu hapa ndio watu wengi wanakosea kununua. Video nyingi za chipa zimepigwa Marekani kwa nyasi laini fupi, mpira umekaa juu kama yai kwa sahani. Sisi hapa tuko na kikuyu, na hii nyasi ni ya hapa hapa kwetu kwenye nyanda za juu, jina lenyewe linakwambia, ingawa siku hizi iko hadi kiwanja cha Riviera kule Los Angeles. Kikuyu inatambaa, inajisokota, inashika kichwa cha fimbo. Ukicheza kati ya Machi na Mei mvua ikiwa imeshika unaijua hiyo hali, fimbo inaingia haitoki. Na kitu kingine ambacho watu hawasemi, mpira wa chini ukitua kwa kikuyu kabla ya grini haurukiruki kwenda mbele, unakufa hapo hapo. Kwa hivyo chipa ya kwetu inatakiwa kufanya mambo mawili: soli ipite juu ya nyasi bila kuchimba, na mpira upande kiasi cha kuvuka hiyo nyasi utue kwa grini yenyewe. Mpangilio wangu wote umetoka hapo.

Namba moja ni Cleveland Smart Sole, ile yenye herufi C. Lofti yake, yaani vile uso umelala, ni digrii 42, kubwa kuliko chipa nyingi, na soli yake ni pana sana, ukiiweka chini unaona kabisa haina makali ya kuchimba. Hata ukigusa ardhi kidogo kabla ya mpira inateleza inaendelea. Mpira unavuka kikuyu ya pembeni unatua, na kwa grini ya kawaida hesabu kama sehemu moja hewani na mbili ikibingirika. Halafu bei yake mpya iko chini ya ile ya Ping, na zilizotumika zinapatikana kwa sababu imetoka matoleo kadhaa. Chunga kitu kimoja tu, Smart Sole ni familia, kuna G na kuna S, na S ni ya mchanga, digrii 58, hiyo haitafanya kazi ya chipa hata kidogo. Mimi niliwahi kutumiwa S na muuzaji wa mtandaoni baada ya kulipia C, na kurudishiwa pesa kulichukua wiki tatu za simu. Omba picha ya soli, herufi ionekane, ndio utume M-Pesa.

Namba mbili ni Ping ChipR, ilitoka 2022. Digrii 38.5, shafti (ule mti wa fimbo) ya inchi 35. Imetengenezwa vizuri sana, ukiigusa mpira unasikia imeshika, na umbali hauchezi chezi. Kama klabu yako inakata kola ya grini, ile nyasi ya ukingoni, fupi na safi na pesa si shida, chukua hii usiangalie nyuma. Mimi nimeiweka ya pili kwa sababu ya ile kikuyu nzito tu, na bei.

Namba tatu itashangaza watu: ayoni 8 yako mwenyewe. Ishushe mkono hadi karibu na chuma, simama karibu na mpira, inua kisigino cha fimbo ili ncha tu ndio iguse nyasi, halafu piga kama puti. Ikiguswa na nyasi kidogo hivyo, kikuyu inakosa mahali pa kushika. Fanya hivyo wiki mbili kabla hujanunua chochote, na ukiona inakutosha umejiokolea pesa. Kuna wale wanachukua ayoni kuukuu wanakata shafti, ni sawa, lakini usiweke gripu ya puta ile bapa, kwa kanuni chipa si puta na gripu yake lazima iwe ya mviringo. Angalia hilo pia ukinunua iliyotumika, watu huwa wanabadilisha.

Namba nne, Odyssey X-Act. Digrii 37, soli nzuri, nayo mara nyingi utaipata imetumika. Januari na Februari nyasi ikiwa kavu inafanya kazi poa sana, lakini mvua ikija mpira uko chini mno, unakufa njiani. Ukiipata kwa bei nzuri na grini zenu ni kubwa zenye pembeni safi, sina neno.

Zile za nyuso mbili, unapiga kulia au kushoto, achana nazo kabisa hata kama ni za bure. Ni puta pekee inaruhusiwa kuwa na nyuso mbili, na ukipiga na hiyo chipa kwa mashindano umeondolewa, ni disko.

Kuhusu mahali pa kununua, anza na duka la pro kwa klabu, halafu uliza makedi, wale wabeba begi, wao ndio wanajua nani ana chipa imelala kwa begi na hawezi kuitumia. Ukiagiza nje weka hesabu ya ushuru na VAT ya asilimia 16 juu ya bei na usafiri, ile bei uliona kwa skrini siyo utakayolipa. Na usilipie iliyotumika kabla hujaenda nayo na mipira kumi pembeni ya grini ya mazoezi, mitano kwa nyasi fupi na mitano kwa kikuyu yenyewe, hiyo mitano ya pili ndio itakuambia ukweli.

Chipa pia haitakutoa banka (ule mtego wa mchanga) na haitakuvusha mchanga shimo likiwa karibu, kwa hivyo sandi weji, ile fimbo ya mchanga, inabaki. Toa ile ayoni 3 ambayo hujaigusa tangu mwaka jana, juu fimbo ni 14 tu, na ya 15 inakugharimu mikwaju miwili kwa kila shimo hadi minne kwa raundi.