Shahada ya fedha Ulaya, na saini iliyoninyima nafasi benki

Sikusudii kuzungumzia viwango vya shule, kwa maana orodha ya shule za biashara ya gazeti la Financial Times kila mtu anaweza kuifungua mwenyewe akaona nani yuko juu ya nani. Nataka kusimulia habari ya karatasi moja na ofisi moja yenye dirisha la kioo, na jinsi vitu hivyo viwili vilivyokaribia kunitoa katika njia ya benki za uwekezaji, zile zinazoshauri kampuni na kuzitafutia mitaji, baada ya kulipa ada ambayo hadi leo sipendi kuitaja kwa sauti.

Nilichagua shule ya biashara nchini Ufaransa kwa sababu ambazo bado naziona za maana. Shahada nyingi za uzamili za Uingereza huchukua mwaka mmoja au pungufu, na ratiba ya kuajiri ya benki haimsubiri mtu azoee chuo. Maombi ya mafunzo kazini ya majira ya joto hufunguliwa hata kabla muhula haujaanza, nafasi hujazwa kadiri maombi yanavyofika, na anayeingia London mwezi wa Septemba akidhani atasoma kwanza ndipo aombe, mara nyingi hukuta milango inafungwa kabla hajapata alama hata moja ya kuonyesha. Programu ya miaka miwili, kama ile ya fedha ya Chuo Kikuu cha Bocconi kule Milan, Italia, humpa mwanafunzi majira ya joto katikati. Na shule nyingi za Ufaransa huruhusu mwaka mzima wa mapumziko ya masomo, ambapo unafanya miezi sita benki moja na miezi sita nyingine. Isitoshe, baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, benki kubwa zimehamishia sehemu ya madawati yao, yaani timu zao za kazi, Paris na Frankfurt. Hesabu zangu, kwa hiyo, zilikuwa sawa. Ambacho hakimo katika kijitabu chochote cha matangazo ni ofisi ya mikataba.

Kwa sheria ya Ufaransa, benki haiwezi kumpokea mwanafunzi wa mafunzo kazini bila mkataba wa pande tatu: mwanafunzi mwenyewe, mwajiri, na shule. Bila saini ya shule huvuki geti, hata kama mkuu wa dawati anakufahamu kwa jina. Na mimi alikuwa ananifahamu. Nilikuwa nimepata nafasi katika dawati la uunganishaji na ununuzi wa kampuni baada ya raundi kadhaa za usaili. Katika raundi ya mwisho niliulizwa lile swali wanalolipenda: gharama ya uchakavu, yaani thamani ambayo mali hupoteza kwa kutumika, ikiongezeka kwa 10, taarifa zote tatu za fedha (ya mapato, ya mtiririko wa fedha taslimu, na mizania) zinabadilikaje? Nilijibu bila kugusa kalamu kwamba kwa kodi ya asilimia 25 faida inashuka kwa 7.5, fedha taslimu zinapanda kwa 2.5 kwa kuwa kodi imepungua, na thamani ya mali za kudumu inapungua kwa 10. Aliyenihoji alifunga daftari lake akaniuliza naweza kuanza lini.

Niliujaza mkataba kwenye mfumo wa shule jioni ileile. Ukatokea mstari wa rangi ya machungwa ulioandikwa kwamba ombi linasubiri uthibitisho, na mstari huo ukabaki na rangi yake wiki baada ya wiki. Barua pepe zangu zilijibiwa na mashine. Hatimaye nikaenda mwenyewe, nikasimama mbele ya lile dirisha, na mhudumu akaniambia bila kuinua macho kwamba faili langu halijakamilika. Nikauliza kinachokosekana. Cheti cha bima, akasema. Nikamwonyesha kwenye simu kwamba kilikuwa ndani ya mfumo tangu siku ya kwanza. Basi maelezo ya majukumu ni mafupi, akasema, ingawa yaliandikwa na benki yenyewe. Nilipomwomba anisomee ni wapi panapohitaji kurefushwa, ndipo alipofungua faili kwa mara ya kwanza, akagundua kwamba hakuna mwalimu msimamizi aliyeteuliwa.

“Anayemteua mwalimu ni nani?” nikauliza.

“Ni sisi.”

“Basi naomba mmteue, tafadhali. Ninatakiwa kuanza kazi karibuni.”

“Bwana, kila mtu hapa ana haraka. Benki ikikutaka kweli, itakusubiri.”

Akageuza kibao cha saa za kazi kikanitazama mimi, na yeye bado amekaa ndani. Benki haikusubiri. Mtu wa rasilimali watu aliniandikia mistari mitatu ya adabu kubwa, kwamba timu ilikuwa katikati ya kazi ya mteja na kiti hakingeweza kukaa wazi.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hapo, kwa kumwambia kila anayefikiria shule hiyo akimbie. Lakini nitakuwa sisemi kweli nisipotaja kwamba mwalimu wetu wa uthamini wa kampuni, mtu aliyewahi kukaa miaka mingi benki, alitufundisha kazi kuliko kitabu chochote, na kwamba wahitimu wa zamani niliowaandikia bila kujuana nao walinijibu wengi kuliko nilivyotarajia. Mmoja wao alinifikisha kwenye kampuni ndogo ya ushauri ambako ndiko nilikoanzia. Kwa hiyo ukiniuliza kama shahada ilinifikisha nilikotaka, jibu ni ndiyo, kwa njia ya mzunguko.

Tatizo ni kwamba hata wema huo ukiutazama vizuri unazidi kuudhi. Mkataba wangu wa pili ulisainiwa mchana mmoja, kwa sababu yule mwalimu aliushika mkononi, akaingia nao ofisini akajiandika msimamizi hapohapo. Kumbe saini ni kazi ya mchana mmoja! Waliokosa mwalimu wa namna hiyo wanafanyaje? Na asiye raia wa Ulaya, ambaye hawezi kuhamia kirahisi hata London, kwa kuwa mkataba wa shule ya Ufaransa haugeuki kuwa viza, anabaki na nini? Kabla ya kulipa amana, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, si balozi wa shule anayelipwa kutabasamu, umuulize mkataba wake ulichukua muda gani na ni nani anayesaini ofisi ikiwa likizo.

Siku hizi shule inaniandikia sana. Viwango vya Financial Times hupima, pamoja na mengine, mshahara wa wahitimu miaka mitatu baada ya kumaliza, kwa hiyo nakumbushwa kila mara, tena kwa jina langu kamili na lisilokosewa, nijaze dodoso. Nimelijaza, kwa kuwa shule ikiporomoka cheti changu nacho kinaporomoka. Mshahara nimeuandika wote. Walipouliza kama huduma za ajira za shule zilinisaidia kupata kazi, nimejibu hapana.