Kitambaa gani ununue kwa zulia la matambara: kuanzia kinachofaa zaidi hadi cha kuacha

Wengi tunaoanza kutengeneza zulia la matambara huanza na rangi. Mimi nilikusanya kila kilichopendeza macho, mashuka, fulana, hata gauni la kitambaa cha kuvutika, nikasuka ukili mrefu na kuushona mzunguko baada ya mzunguko. Nilipoliweka sakafuni, zulia liliinua kingo kama sinia. Fulana zilikuwa zimevutika mkononi wakati wa kusuka, kisha zikarudi, mashuka hayakurudi. Niliifumua kazi ya wiki tatu yote. Tangu siku hiyo, nikishika kitambaa cha kununua najiuliza kwanza: hiki kikivutwa, kikikanyagwa na kufuliwa, kitafanya nini? Rangi naiangalia baadaye.

Nazungumzia hapa nguo na vitambaa vilivyokwisha kutumika. Nguo iliyofuliwa miaka mingi imeshamaliza kusinyaa, na hilo ni jambo ambalo kitambaa kipya cha jora hakikupi.

1. Mashuka ya pamba

Anayeanza simpi kitu kingine. Shuka la pamba linachanika kwa mkono: unakata mkato mdogo pindoni, unashika pande mbili, unavuta, na mpasuko unafuata uzi wenyewe mpaka mwisho. Hakuna mkasi unaonyoosha kiasi hicho. Kuchana hutoa vumbi jingi la nyuzi, kwa hiyo fanya kazi hiyo nje na ujifunge kitambaa puani. Shuka la mita 2 kwa 2.5, likichanwa kwa upana wa sentimita 4, linatoa tepe 50 zenye jumla ya mita 125. Upana huo unafaa kusuka; kwa kroshia ningeshuka hadi sentimita 2.5 au 3.

Unapolinunua, liinue kwenye mwanga. Shuka huchakaa katikati, pale mwili unapolala. Ukiona mwanga unapenya zaidi hapo kuliko kingoni, jua kwamba unanunua kingo tu. Vuta pia kwa vidole viwili karibu na pindo: likipasuka kwa mvuto mdogo, halitastahimili miguu.

Kujua kama ni pamba kweli, omba ruhusa uchomoe nyuzi chache na uzichome mahali salama, juu ya sahani. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Mchanganyiko wa pamba na poliesta unaacha jivu lenye chembe ngumu ndani yake. Kwa kufuma si mbaya, ila usiulipie bei ya pamba tupu.

2. Fulana

Fulana nazipenda kwa kroshia na kwa zulia la bafuni, kwa sababu zinanyonya maji na ni laini chini ya wayo. Ukikata utepe kukizunguka kiwiliwili, kuanzia pindo la chini kupanda hadi makwapani, kisha ukauvuta, kingo zake zinajikunja zenyewe na kuwa kamba ya mviringo isiyochanuka nyuzi. Fulana kubwa yenye mzunguko wa sentimita 110 na urefu wa sentimita 45 chini ya kwapa inatoa karibu mita 20 kwa upana wa sentimita 2.5, na ukiuvuta utepe huo unaongezeka.

Tafuta zile zisizo na mshono ubavuni. Epuka zenye picha kubwa iliyochapwa kwa mpira kifuani: sehemu hiyo haijikunji, na baadaye hupasuka na kubanduka. Na tafadhali, fulana zikae na fulana. Usizichanganye na mashuka katika msuko mmoja.

3. Sufu

Kwa zulia la kusuka litakalokaa miaka mingi sebuleni, sufu inazishinda zote mbili. Ina unyumbufu, inaficha uchafu, haishiki moto upesi. Nimeiweka ya tatu kwa sababu mbili: ni shida kuipata, na haipendi kufuliwa mara kwa mara. Nunua makoti, sketi na mablanketi yaliyofumwa kwa mtande na mshindio (nyuzi za wima na za mlalo zinazopishana), si masweta. Sweta likikatwa linafumuka. Zifue kwa maji ya moto kabla ya kukata ili nyuzi zishikamane. Kagua vitundu vya nondo, hasa chini ya ukosi na ndani ya mifuko. Kitundu kimoja kinatosha kunifanya nirudishe koti.

4. Jinzi

Imara, hilo halina ubishi. Lakini inachosha mikono. Kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, kwa tepe za sentimita 2, inatoa zulia zito linalotulia sakafuni. Kwa kroshia utaumia vifundo vya vidole. Ikilowa inakuwa nzito na kukauka kwake ni kwa taratibu. Jinzi nyeusi na za buluu iliyokoza huacha rangi kwenye nyayo na sakafu nyeupe, basi chagua zilizopauka.

5. Mafungu ya vipande vya fundi cherehani

Vipande vingi huwa vifupi, na kila unapoviunga panabaki fundo. Vikiwa chini ya sentimita 60 sivisuki wala sivifumi. Vina kazi yao, nayo ni nzuri: zulia la manyoya, ambalo unachomeka vipande vya sentimita 7 au 8 kimoja kimoja kwenye gunia la juti. Hapo hata mkono wa shati unatosha. Gunia lenyewe linuse kabla ya kulilipia. Likinuka ukungu, nyuzi zake zimeshaanza kuoza, na zulia zima litaning'inia juu yake.

Madonge ya tepe za fulana zilizokatwa kiwandani yanaokoa muda. Kasoro yake ni unene usio sawa, na rangi uliyoiona leo huenda usiipate tena. Nunua yote unayohitaji kwa mara moja.

Cha kuacha

Satini, shifoni na kitambaa chochote kinachoteleza: mshono hauvishiki na mguu hauko salama juu yake. Acha pia nguo za michezo za kuvutika sana.

Ununue kiasi gani?

Usikisie. Tengeneza kipande cha sentimita 20 kwa 20 kwa mtindo utakaoutumia, kipime kwenye mizani ya jikoni, zidisha mara 25. Hiyo ndiyo gramu ya mita moja ya mraba. Kipande changu kikiwa na gramu 80, najua kila mita ya mraba inataka kilo 2, nami naongeza kidogo kwa ajili ya pindo na sehemu zilizochakaa. Kwa zulia la kuvuta vitanzi kwa kulabu kwenye gunia, andaa kitambaa chenye eneo mara nne ya eneo unalotaka kulifunika.

Uzi wa kushonea msuko uwe wa pamba nene au kitani, wenye nguvu ya kukukata kidole ukiuvuta. Sindano iwe butu, ipite kati ya misuko bila kuchoma kitambaa. Usikaze mno, zulia litainuka kama bakuli. Ukilegeza mno, litafanya mawimbi.

Kabla ya kulipa, hasa kwa nyekundu na buluu iliyokoza, lowesha kitambaa cheupe na usugue ndani ya mshono, mahali ambapo rangi haijafuliwa sana. Niliwahi kuliacha jaribio hili kwa pazia moja jekundu, na mizunguko minne ya mashuka meupe ikawa waridi kwenye mfuo wa kwanza. Sasa kitambaa cheupe cha ukubwa wa kiganja hakitoki mfukoni mwangu, pamoja na kichupa cha maji.