Engo za alumini kwa daraja la treni ya bustanini: uzoefu wangu

Kama una treni ya bustanini, yaani treni ndogo ya mfano inayopita kwenye reli nje ya nyumba, na bado unajiuliza ununue daraja lililo tayari au uunde mwenyewe, ushauri wangu ni uunde, tena kwa engo za alumini, zile fito zenye umbo la L. Langu limeshapita theluji na jua kali la hapa Ujerumani, na sijajuta hata senti moja.

Natumia reli za LGB, zile za shaba ya manjano ambazo kampuni ya Lehmann ilianza kuzitoa mjini Nürnberg mwaka 1968. Upana kati ya reli mbili ni milimita 45 na kipimo ni 1 kwa 22.5, yaani treni halisi ni kubwa mara 22.5. Piga hesabu: unapata mita moja na kidogo, yaani upana uleule wa Reli ya Kati na ya njia ya Tanga hadi Moshi. Kwa mtu wa Korogwe kama mimi, hilo lilitosha kunifanya nichague treni hizi.

Daraja la kwanza lilikuwa la mbao, la kununua. Kampuni siitaji. Kwenye picha lilipendeza kweli, lakini baada ya msimu mmoja wa mvua na baridi mbao zilijikunja, gundi ikaachia, mataruma yakainuka upande mmoja, na behewa la mwisho likawa linaanguka palepale kila mara. Kwa bei ile, sikubaliani nalo kabisa.

La sasa lina urefu wa mita 2.4, sawa na daraja halisi la mita 54. Treni inapita juu, pembetatu za kubebea uzito ziko chini, kwa hiyo mabehewa marefu hayana cha kugonga yakitoka kwenye kona. Boriti za juu na za chini ni engo za milimita 30 kwa 30, unene 3. Za mshazari ni za 15 kwa 15. Kimo ni sentimita 24, moja ya kumi ya urefu. Nimeunga kwa ribiti za alumini, maana boliti za chuma zikigusana na alumini kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Kabla ya kulitandika reli nilipanga juu yake matofali ya kilo 20 katikati na kuvuta uzi toka ncha hadi ncha: sikuona limepinda. Kichwa changu cha treni kina kilo 4 tu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo madaraja mengi ya bustanini yanapoharibikia. Alumini inatanuka. Kati ya usiku wa barafu na mchana wa jua, tofauti ikifika nyuzi 50, daraja la urefu huu linaongezeka karibu milimita 3. Ukilifunga ncha zote mbili litatafuta pa kwenda, na litakachokisukuma ni nguzo zako au reli. Langu nimelifunga ncha moja tu. Ncha ya pili nimetoboa tundu refu la milimita 10, boliti imekazwa kiasi cha kushika bila kubana, na chini yake kuna kipande cha plastiki laini ili lipate kuteleza. Reli nazo nimeziachia nafasi kidogo kwenye maungio. Ukikaa karibu asubuhi jua linapochomoza unaweza kuona boliti ikihama kwenye tundu lake. Mimi bado nafurahi kila ninapoiona.

Nguzo ni za zege, na msingi umeshuka sentimita 80, chini ya udongo unaoganda. Maji yakiganda yanavimba, na msingi mfupi utanyanyuliwa pamoja na kila kilicho juu yake. Kazi hii ya kuchimba inachosha kuliko daraja lenyewe, lakini usiifupishe.

Kasoro zipo. Rangi ya kawaida haishiki kwenye alumini. Paka kwanza praima maalumu, la sivyo itabanduka. Pia daraja linapiga kelele treni ikipita. Nimepunguza sana kwa kutandika ukanda wa mpira chini ya mataruma, na jirani hajalalamika tena. Nyota 4 kati ya 5.

Ukienda kununua, waombe dukani wakukatie vipande kwa mashine yao. Gharama ni ndogo, na ncha zikiwa zimenyooka ribiti zinakaa bila kulazimishwa.