Dirisha la kumbukumbu kanisani: stika au vioo vya kuunga?

Makanisa ya zamani ya Moshi na vijiji vyake, ambako wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, yakitaka dirisha la kuwakumbuka waasisi yana njia mbili. Stika ya rangi juu ya kioo cha kawaida ni nafuu na hubandikwa upesi, lakini jua huipausha.

Vioo vya rangi vilivyoungwa kwa madini ya risasi ni ghali, na mafundi wake ni haba. Ila rangi imo ndani ya kioo chenyewe: madini ya kobalti hutoa buluu. Sura na majina huchorwa, kisha huchomwa tanurini kwa nyuzijoto zaidi ya 600. Kipande kikivunjika, hubadilishwa hicho tu. Mimi ningeshauri usharika uchangishe taratibu, upate vioo hivi vya kuunga.