TAHADHARI: Fundi rimoti za gari anayezunguka Mtwara mjini, kaniliza laki mbili na ishirini

Jamani, naandika mkono unatetemeka, na si kwa hela tu, ni aibu. Mliokuwepo msibani Mikindani Jumapili mmeshajua gari la nani lilipiga king'ora shehe akiwa katikati ya dua. Ndiyo, langu. Mnisamehe. Sasa sikieni ilikuwaje.

Rimoti ilianza maringo mwezi uliopita. Asubuhi nabonyeza mara moja milango yote inafunguka, mchana nabonyeza mpaka kidole kinauma, kimya. Nikisogea mpaka tumbo linagusa mlango ndiyo inaitika. Kuwaka, gari linawaka bila shida, kwa hiyo nikasema nitashughulika nayo msimu wa korosho ukiisha.

Jumanne natoka benki, hela za mnada wa korosho zimeingia, nimesimama juani nabonyeza rimoti kama mwehu. Kaja kijana. Ovaroli imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, tableti mkononi na waya wake kauzungusha vizuri. Kaniamkia kwa Kimakonde, kile cha Newala kabisa, mpaka nikamuuliza ni mtoto wa nani. Mtu anakuamkia kwa lugha ya bibi yako, utamkimbia? "Mama, hiyo rimoti imepoteza kodi," kasema, yaani namba ya siri ya kuongea na gari. Mimi na miaka yangu 19 ya kushika chaki nikaitikia, eeh?

Kafungua ufunguo kwa kibisibisi, katoa betri, kaigusisha kwenye mita, kanigeuzia nisome mwenyewe: 2.9. "Hii ni betri ya volti 3, mama, bado nzima. Mwingine angekuuzia betri, mimi siwezi kukudanganya."

Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu kakataa kuniuzia betri ya elfu tatu, nitamwonaje tapeli?

Kachomeka waya chini ya usukani, kioo cha tableti kikajaa mistari myekundu. Eti kompyuta ya gari haiitambui rimoti, ikiendelea hivyo gari litajifunga lenyewe njiani. Nikajiona nimekwama Mnazi Mmoja, kule njia ya Lindi, usiku na watoto nyuma. Kataja 350,000, tukavutana mpaka 220,000, na nikajiona mjanja wa mjini! Kanipa namba ya kutuma, jina likatokea la mwanamke. "Mke wangu huyo." Risiti? Mashine haina mtandao. Nikatuma. Kisha kaondoka na ufunguo wangu kwenda "kwenye mashine kubwa, Chikongola", mimi nimebaki chini ya mwembe nalinda gari ambalo milango haijafungwa. Dakika 40. Karudi, tukasogea hatua kama 20, kabonyeza, tii tii. Nikamwongeza elfu tano ya soda. Ya soda, jamani!

Siku tano tu. Kule msibani Mikindani rimoti ikagoma, nikafungua kwa ufunguo wa chuma, king'ora kikalia, mengine mliyasikia wenyewe. Kuna shemeji yangu mmoja mpaka leo akiniona anasema tii tii.

Jana nikampelekea mzee mmoja fundi saa pale Soko Kuu. Kafungua, kacheka mpaka kavua miwani. Kwenye kifuniko cha ndani pameandikwa CR2032, betri iliyokaa mle ni CR2016. Upana ni mmoja, milimita 20, ndiyo maana inaingia, lakini yangu ina unene wa milimita 3.2 na hiyo ya yule mshenzi 1.6, nusu. Pengo kaliziba kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa mara nne, bado inanuka tumbaku. Ukitikisa inagusa, ukitikisa tena inaachia. Na ile betri yangu "nzima" kaenda nayo.

Mzee kachukua betri chakavu kwenye kopo lake, kaipima: 2.9 vilevile. Kaiunganisha na kataa kadogo huku mita imeshikilia, namba zikaporomoka. Betri inayokufa ikiwa imelala inajifanya mzima, kasema, ipe kazi ndiyo utaijua. Na kodi ingekuwa imepotea kweli rimoti isingeitika hata ukiwa umegusa mlango, wala gari lisingejifunga njiani, maana kichipu cha kuwashia kiko peke yake kwenye kichwa cha ufunguo na wala hakitumii betri. Kaweka mpya ya 3,000, kakwangua ukutu kwenye kibati kinachoishika betri (chumvi ya bahari hii yetu), kwisha. Hata kiti sikukalia.

Huyu mtu nataka anyang'anywe ile tableti mbele ya watu, avishwe mkufu wa betri za saa azungushwe soko zima akieleza kwa Kimakonde chake alichonifanyia. Kisha selo. Hela ya korosho watu wameipulizia dawa mpaka kifua kinabana, yeye anaila kwa karatasi ya sigara! RB, namba ya kuripoti polisi, nimeshachukua, jina silitaji, polisi wamesema nisiwaharibie.

Basi mkimwona: baada ya salamu tu aliniuliza "mama, mmeshalipwa?" nami nikaona ni maongezi tu. Jina la kwenye simu si lake. Hafanyi kazi mbele yako, anaondoka na ufunguo. Hilo la ufunguo ndilo linaninyima usingizi, dakika 40 zinatosha kuchongesha mwingine, na gari linalala nje. Kitasa nabadilisha Jumatatu, hela nyingine hiyo.

Kuna dada kaniambia kamwona leo asubuhi stendi na ovaroli ileile, anapanda gari la Masasi. Watu wa Masasi na Nachingwea, mnada wenu ni wiki hii. Shikeni funguo zenu.